Miche ya Mteremko wa Vipepeo

Asubuhi ya Februari, kwenye basi la Skipton, kaskazini mwa Uingereza, mzee mwenye kofia ya sufu aliingia na koleo na mzigo wa miche, akauegemeza kwenye goti langu bila kuniomba radhi. Kwa watu wa huku, hiyo ni dalili ya furaha kubwa.

Mama mmoja mwenye buti za matope akamwuliza anakwenda kuipanda wapi. "Mteremko wa Kettle," akasema mzee. "Kanisa zima linakuja."

Mama akaitazama ile miche. "Bwana, pale ni pa vipepeo. Tumehangaika miaka mpaka halmashauri ikapatambua kuwa mahali pa kulindwa."

"Ndiyo maana tukapachagua, mama. Hapatajengwa nyumba. Miti itakua kwa raha zake."

"Vipepeo wale wanataka jua na nyasi fupi. Kivuli kitawamaliza."

"Nilipita Jumapili, sikuona hata mmoja."

"Ni Februari, baridi bado. Viwavi wamelala kwenye nyasi. Ulitaka waamke wakupikie chai?"

Mzee akacheka kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, na nadhani hapo ndipo mama alipokata tamaa. "Dunia inaungua," mzee akamwambia, "nawe unanigombeza kwa kupanda mti?"

Basi likasimama chini ya mteremko. Watu wengi walikuwa wakingoja na makoleo yao, wakatupungia. Dereva akazima injini, akaja kusaidia mizigo. Mzee akachomoa mche mmoja, akamwekea mama mapajani. "Huu wako, usinune."

Nami nikavuta miguu ili miche mingine ipite.