Jina Ambalo Mzee Silwimba Hakulitaja

Ndugu Enoka Silwimba ametumikia kambi yetu ya barabara hapa Mpemba miaka ishirini na miwili, na leo, tarehe 30 Juni 1984, anakabidhi funguo za bohari. Kuandika wasifu wake nimepewa mimi, Bashiri wa matairi. Niliishia darasa la sita, lakini mwandiko wangu hata karani anauonea wivu.

Alianza kwa ufagio mwaka 1962, akapanda hadi kutunza bohari. Tangu hapo hakuna spana iliyotoka bila sahihi. Mwaka 1971, lami ikielekea Tunduma, alikuja fundi wa matrekta kutoka Seiloni, Bwana Perera, mfuasi wa Budha. Hakula nyama. Hapa Mpemba, jamani! Mchana alikula maharage boharini pamoja na Mzee, akimweleza dini yao: maisha yana mateso, na kinachoyalisha ni kule kutaka kwetu. Habari ya nani aliyeyaleta mateso hayo hakuhangaika nayo. Mzee, mwimba besi wa kwaya ya Moravian, alimcheka wiki nzima.

Mwaka 1974 surua ilimchukua mwanawe, Tupokigwe, wa miaka minne. Siku ya tatu ya msiba, kama ilivyo desturi, wazee walimweka Mzee katikati amtaje anayemshuku kumloga mtoto. Macho yote yalimwendea Bi Stumai, mjane mgeni aliyeuza maandazi langoni petu. Mtoto alikuwa amekula andazi lake kabla ya kuugua, na hilo liliwatosha. Vijana walishika viberiti, nyumba yake waliijua.

"Taja, baba Tupo, tumalize kazi!"

Mzee aliinuka.

"Ndugu zangu," akasema, "tangu juzi nataka mtu wa kumchukia. Sijawahi kutaka kitu hivi. Na huko kutaka ndiko kunakonitisha. Simtaji mtu."

Wakamwita mwoga. Wengine wakasema yule Mhindi wa matrekta ndiye aliyemloga Mzee mwenyewe. Lakini bila jina hawakuwa na la kufanya, wakatawanyika, na asubuhi Bi Stumai alikuwa langoni na beseni lake.

Msidhani tunamuaga malaika. Mwaka jana sukari ilipofika duka la ushirika, nani alikuwa wa kwanza kwenye foleni? Nilimkumbusha mafundisho ya Perera. Akanijibu kwamba bado anajifunza, nisimsukume.

Maandazi mnayotafuna sasa hivi kayakaanga Bi Stumai tangu alfajiri. La kwanza kampa Mzee, kwa mikono miwili.

Ahsante, Mzee, kwa kila spana, na kwa lile jina ulilolimeza. Kwa kuwa wewe kutaka kunakutisha, sisi tutataka kwa niaba yako: afya, mvua kwenye kahawa yako, na usingizi mzito. Nenda salama.