Mama Amekaa?

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko barabarani, endesha taratibu. Leo tunamkumbuka fundi aliyelipenda neno hilo, taratibu, mpaka likawa jina lake.

Fundi Taratibu hatunaye. Alifariki Jumanne, wiki tatu zilizopita, saa nne asubuhi, ndani ya karakana yake. Alikuwa na miaka sitini na nne. Kwa miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa kufufua malori makubwa ya zamani, yale ya pua ndefu ambayo wengine huyakatakata wakayauza kama chuma chakavu. Alifufua malori thelathini na nane. Narudia, maana namba hii tutaihitaji: malori thelathini na nane. La thelathini na tisa lilibaki karakanani.

Haya tumesimuliwa na mkewe. Alitupokea sebuleni, akajibu kila tulichomuuliza kwa sauti ya mtu anayesoma orodha ya vitu vya dukani. "Msinishangae," alisema. "Nimekufa ganzi. Mdomo ndio unaongea."

Basi tumfuate yeye, mama huyu, maana habari ya Fundi Taratibu haisimuliki bila yeye.

Lori la kwanza lilipokwisha, mwenye lori alikuja kulichukua, akalizunguka mara mbili, akaliangalia kama mbwa wa jirani asiyemwamini. Breki zilikuwa zimefungwa upya zote. Lakini nani ajaribu? Fundi akafuta mikono, akaenda nyumbani, akamwambia mkewe, "Vaa viatu." Mama akadhani wamealikwa mahali. Akavaa vile vizuri, vya kisigino. Akajikuta anapandishwa kwenye lori la tani kumi, mbele ya watu, na mumewe anamwambia mwenye lori, "Huyu ndiye mke wangu. Sina mwingine. Angalia nitakavyoshuka naye."

Nyuma ya karakana kuna barabara inayoteremka kwenda kwenye machimbo ya mchanga. Mteremko ni mkali, na chini kabisa kuna lundo la kokoto. Walishuka. Fundi akakanyaga breki, lori likasimama. Mama akasema neno moja tu: "Imeshika."

Tangu siku hiyo ikawa desturi. Hakuna lori lililotoka pale bila mama kukaa kiti cha abiria na kushuka mteremko ule. Madereva wote waliijua. Wakipiga simu hawakuuliza kama lori limekwisha. Waliuliza, "Mama amekaa?" Akiwa hajakaa, walikata simu wakangoja.

Sasa, wasikilizaji, tusimpambe marehemu kupita kiasi. Lori la saba lilimshinda. Aliacha bomba moja la upepo wa breki, la zamani, akaliona bado zima. Katikati ya mteremko bomba likapasuka, breki zikawa hakuna. Lori lilikwenda kusimamishwa na kokoto. Fundi hakupata hata mchubuko. Mama aligonga goti kwenye chuma, akashonwa nyuzi kumi na moja.

Fundi alikaa pembeni ya kitanda cha mkewe, kichwa chini. Akasema, "Hutapanda tena."

Mama akamjibu, na maneno haya binti yao anayajua kwa moyo, maana yamerudiwa nyumbani mara nyingi: "Ukiniacha nyumbani, ina maana wewe mwenyewe huiamini kazi yako. Na kama huiamini, unampaje mtoto wa mwenzio aendeshe?"

Kuanzia lori la nane fundi alibadilisha kila bomba, hata lililokuwa jipya. Alikagua mara tatu. Hapo ndipo lilipozaliwa jina la Taratibu, na wateja wenye haraka walilitaja huku wamekunja uso. Na kuanzia lori la nane, kule chini, mama akishasema "Imeshika," fundi aliuliza, "Na goti?" Naye mama akajibu, "Lipo." Mara thelathini na moja. Hawakuwahi kuongeza neno.

Lakini kulikuwa na jambo mama hakumwambia mumewe. Aliogopa. Aliogopa kila mara, kuanzia lori la nane mpaka la thelathini na nane. "Nilikuwa nakanyaga sakafu kwa nguvu zangu zote, kama vile breki iko upande wangu," alitwambia. "Tukifika chini nashuka natabasamu. Ningemwambia naogopa angeniacha nyumbani, na kazi yake ingekosa moyo. Nikanyamaza. Mpaka anaondoka hajui."

Tufike Jumanne ile. Lori la thelathini na tisa lilikuwa la dereva mstaafu. Alikuwa ameliendesha miaka ishirini na miwili, kampuni ikaliuza, akaja kulikuta limetupwa, majani yameota hadi ndani. Fundi alifanya kazi miezi kumi na minne juu yake. Jumatatu jioni alimwambia mkewe, "Alhamisi, vaa viatu."

Jumanne saa nne mama akapeleka chai. Akamkuta mumewe amekaa juu ya tairi, karibu na beseni, mgongo ukutani. Mikono ilikuwa na povu la sabuni. Mama aliweka chai chini. Akachukua kitambaa, akamkausha mikono, kidole kwa kidole, mpaka kwenye kucha. Ndipo akamwita shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyekuwa chini ya lori.

"Sijui kwa nini nilianza na mikono," alisema. "Niliona imelowa."

Msibani mama hakulia. Alipokea wageni, akauliza kama wamekula, akahesabu viti. Na binadamu hatukosi la kusema. Wapo waliosema ana moyo wa jiwe. Mzee mmoja alimfariji kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, mama akamshukuru, akamwonyesha pa kunawia. Dereva mstaafu alikaa mstari wa nyuma na kofia yake gotini. Siku zote tatu hakuuliza lile swali. Hakuna aliyeuliza.

Wiki moja baadaye shemeji alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Shemeji, lori limekwisha. Mabomba nimekagua mara tatu, kama alivyotaka."

"Si ulitoe."

"Nalitoaje? Hujakaa."

Binti yao, mwalimu, alikuwepo. Akasema, "Baba mdogo, nitakaa mimi. Mama apumzike."

Na hapa, wasikilizaji, ndipo penye uzito wa habari hii. Mteremko ule haukumtia mama hofu tena. Alichokiogopa ni kitu kingine. "Nilisema moyoni, nikikaa kwenye kile kiti na bado nisihisi kitu, basi nitajua na mimi nimekwisha. Nitakuwa natembea tu."

Asubuhi yake binti alimkuta mlangoni. Amevaa viatu.

Walishuka watu wawili, shemeji kwenye usukani na mama kiti cha abiria. Lori lilinguruma vizuri. Rangi ilikuwa mpya, viti vilinuka gundi. Shemeji alikuwa anatoka jasho. Mama alitazama mbele, akakanyaga sakafu kama siku zote. Kokoto zikakaribia. Shemeji akakanyaga breki, na lori likasimama mahali palepale yaliposimama yale mengine.

"Imeshika," mama akasema.

Shemeji hakujua kwamba hapo kuna swali. Mama alingoja. Anasema aliujaribu moyo wake kama mtu anavyolijaribu jino kwa ulimi. Hakukuwa na kitu. Hakukuwa na uchungu wala hofu.

Akashika mlango ashuke. Ili tu kuvunja kimya, akasema, "Hata hili lina kibati."

"Kibati gani?"

"Hiki cha kukanyagia. Si kipo kwenye malori yote."

Shemeji akazima injini. Akainama, akatazama chini kwenye miguu ya shemeji yake. Pale sakafuni upande wa abiria kulikuwa na kipande cha chuma, kimelazwa mshazari, kimechomelewa pande zote mbili, ukubwa wa unyayo wa mwanamke.

"Shemeji, malori hayana kitu hicho."

"Yana. Yote niliyopanda tangu nishonwe goti yanacho."

"Umewahi kupanda lori la fundi mwingine?"

"Nipande la nini?"

Shemeji akamwambia: "Alikuwa anakichomelea mwenyewe. Kuanzia lile la nane. Siku moja nilimuuliza cha nini, tunapoteza chuma bure. Akaniambia, tangu lile la saba mke wangu hukanyaga breki upande wake. Acha akanyage kitu kinachoshika."

Mama alibaki na mguu juu ya kile kibati. Malori thelathini na mawili. Miaka yote alidhani anaficha, na mwenzake aliona tangu siku ya kwanza, akanyamaza kama yeye alivyonyamaza. Aliweka kiganja kwenye goti lake, penye kovu. Akasema polepole, "Lipo."

Shemeji hakuelewa. Sisi tunaelewa.

Kisha shemeji akampigia dereva mstaafu. Mzee akapokea, akasalimia, akauliza habari za nyumbani, akauliza habari za hali ya hewa. Kwenye lile swali hakufika. Mama akaichukua simu.

"Mama amekaa," akasema.

Upande wa pili mzee wa watu akaanza kulia. Mama akaishika simu sikioni, akamsikiliza mpaka alipomaliza. Yeye mwenyewe, anasema, bado machozi hayajaja. Hayaharakishi. "Nayo yamejifunza kwake," alisema, na hapo ndipo tulipomwona akitabasamu, mara moja tu.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki tunatoa pole kwa mama, kwa binti yake, kwa shemeji anayeendelea na karakana, na kwa madereva wote waliozoea kupiga simu ile. Mola ampumzishe fundi wetu.

Nasi tuliobaki, tujiulize. Pale nyumbani kwako kuna mtu anaogopa kitu, na unajua, na hujamwambia kwamba unajua. Umemchomelea nini?

Na siku ukipewa lifti kwenye lori la zamani, la pua ndefu, papasa sakafuni kwa mguu, upande wa abiria. Ukikuta kibati kidogo, mshazari, usikishangae. Kanyaga. Kitashika.