Kitufe Alichobonyeza Kaka Yetu

Marehemu kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ndiye mdogo wake pekee. Wazee wamenipa kazi ya kusoma wasifu kwa sababu nina sauti, na nadhani watajuta.

Alisoma shule ya msingi karibu na nyumbani, sekondari ya bweni, kisha chuo cha urubani, alikohitimu mwaka 1985. Tangu utotoni hakujua kushindwa. Pasi ya baba ikikata umeme wa nyumba nzima, mama alisema, "Chomoeni pasi kwanza." Yeye alikuwa ameshapanda kiti anarudisha swichi juu, inakata, anairudisha, mpaka siku ilipotoa moshi. Mama alicheka tu. Huyu alisamehewa mno.

Alirusha ndege miaka thelathini na kufundisha marubani wengi, akiwemo mume wangu. Somo alilolipenda lilikuwa la vitufe vya usalama, vile vinavyochomoka vyenyewe ukutani mwa chumba cha rubani waya unapozidiwa na umeme. Alifundisha vizuri, simnyimi haki yake: kikichomoka angani kiache, kama huwezi kutua salama bila hicho, kirudishe mara moja tu, kikiwa kimepoa, cha pampu ya mafuta usikiguse kabisa.

Tarehe 14 Juni 2015 kilichomoka cha jiko la kahawa, na mkurugenzi wa kampuni alikuwa abiria. Mume wangu, rubani msaidizi, akasema, "Kapteni, tukiache." Marehemu akamjibu, "Bosi hajanywa kahawa, wewe unaniletea darasa?" Akakirudisha. Kikachomoka. Akakirudisha tena na kukishikilia kwa kidole gumba, mpaka moshi ukajaa na mhudumu aliyekuwa kwenye jiko hilo akaungua mikono. Walitua salama. Kwenye uchunguzi marehemu alisema aliyebonyeza ni msaidizi wake, na wote wakamwamini, maana yeye ndiye mwalimu wa somo lenyewe. Mume wangu alinyang'anywa leseni. Leo anaendesha gari la kusambaza magodoro.

Marehemu alifunga ndoa mwaka 1990 na wifi yangu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa watoto wawili. Wifi hakuambiwa kitu, na sina ugomvi naye.

Aliugua ini tangu mwaka jana. Wodini nilimuuliza, nimekasirika na sikuficha. Akasema, "Nilibonyeza mimi, unajua. Ila ngojeni nizikwe kwanza, msinivunjie heshima." Alifariki tarehe 2 mwezi huu, alfajiri, usingizini.

Nimeshindwa kungoja udongo. Bwana mkurugenzi, umekaa mstari wa mbele na hotuba yako ya rambirambi mkononi. Umesikia. Ukiitwa kusema, anzia hapo.

Marehemu ameacha mjane, watoto wawili, mdogo mmoja, na shemeji ambaye kamati imemsahau kwenye programu mliyoshika. Mungu ampumzishe kwa amani, maana yule aliyesingiziwa hajapumzika hata siku moja.