Bibi Effie na Sungura wa Mzee Silas

Effie Tuckwell, jina la kwao Lorimer, alizaliwa Hamilton, Ontario, tarehe 9 Machi 1904, mtoto wa nne wa fundi viatu. Shule aliishia darasa la nane, lakini kwa hesabu za kichwa, jamani, alitushinda wajukuu wote.

Januari 1923 alipata kazi Toronto, kwenye maabara iliyotengeneza insulini, dawa ya kisukari, enzi zile bado wanabahatisha. Kongosho za ndama zilitoka machinjioni, zikasagwa, zikalowekwa kwenye spiriti. Harufu ilimwingia mpaka kwenye nywele. Na pombe ilikuwa marufuku, basi kwenye tramu akina mama wa kanisani walikuwa wanamhama kiti. Hiyo alipenda sana kuisimulia.

Hii hakuisimulia. Nguvu ya dawa ilipimwa kwa sungura walioshindishwa njaa: wanachomwa, halafu inatazamwa wanaanguka upesi gani. Effie aliwaonea huruma, akawa anawapenyezea kabichi aliyoificha ndani ya aproni. Mtunza vizimba, mzee Silas Gorrie, alimtania, "We binti, hao unawapima au unawaozesha? Mbona wamenenepa kuliko mie?"

Sungura akishiba, dawa haimwangushi upesi. Basi ikaonekana dhaifu, ikaongezwa nguvu. Msichana wa miaka saba akachomwa ile dawa, akaanguka, mwili ukamkakamaa. Waliwahi kumpa maji ya sukari, akapona.

Mkuu wa maabara akauliza, "Nani kawalisha?"

Effie akatazama viatu vyake. Silas akamtazama Effie, halafu akasema, "Funguo ninazo mimi, bwana."

Silas alifukuzwa siku hiyohiyo. Effie alibaki miaka mitano, akapewa na cheti cha uangalifu.

Mwaka 1928 aliolewa na Clarence Tuckwell, fundi wa tramu. Waliishi pamoja miaka arobaini na tatu. Hata Babu hakuambiwa.

Moyo ulianza kumsumbua Novemba iliyopita. Wodini nesi alisikia habari za maabara, akasema, "Kumbe tunamuuguza shujaa." Tukapiga makofi. Bibi akageukia ukutani, akalia, ndipo akatueleza yote. "Siku ya mazishi mkisoma habari zangu msinirembe," alisema. "Na hili lisomeni." Baba alikataa kabisa, akaona ni aibu kwa ukoo. Juzi ndipo alipokubali.

Bibi alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 1989, akiwa na miaka themanini na mitano na siku tano.

Ameacha watoto wawili, Ross na Muriel, na wajukuu watano. Silas tulimtafuta: alikufa mwaka 1931, hana mtoto wala ndugu tuliyempata. Hatuna wa kumwangukia miguuni. Basi tunawaomba ninyi mliokuja, tunyamaze kidogo, kwanza kwa ajili ya Silas Gorrie, kisha kwa ajili ya Bibi.

Pumzika sasa, Bibi. Umeshasema.