Bondia Kioo na Tope la Ndiva

Ndugu zangu, jina la Bwana lipewe sifa! Ninyi mlio juu milimani na ninyi mlio chini Same mjini, nawasalimu. Wazee wangu, shikamooni.

Mimi naitwa Eliamini. Ni bondia. Shule niliishia darasa la saba, na ngumi sikufundishwa na mtu. Miaka ile ya foleni za sukari na sabuni, dukani walitufungia chumvi kwa kurasa za gazeti moja la kigeni, na humo nikaona picha za mabondia. Nilizinyoosha, nikazibandika ukutani kwa Bibi aliyenilea, nikajifunza kusimama kwa kutazama miguu yao. Gunia nililijaza makapi ya mkonge. Kila konde nililirudia mpaka liwe halina kasoro. Likiwa na kasoro, siku hiyo sili. Ndugu zangu, nilidhani ile ni bidii. Kumbe ni kifungo!

Nilitaka jambo moja tu: watu wanipende. Nilitaka kushuka ulingoni nikisikia jina langu linaitwa. Nikaamini kwamba siku nitakapokuwa sina kosa hata moja, nitapendwa.

Basi biashara zikafunguliwa, mitumba ikajaa sokoni, na wafanyabiashara wakaanza kuandaa mapambano Same mjini ili wauze soda. Hapo ndipo nilipomfahamu Mabula. Alitoka Usukumani kuja kukata mkonge kule bondeni, upande wa Bendera. Alipigana kama mtu anayefukuza nyuki. Alipigwa sana, akaanguka, akaamka akicheka na pengo lake la mbele. Lakini mji mzima ulikuwa wake! Kinyozi wa stendi alichora sura yake ukutani. Wamasai waliokuja mnadani walimwita kwa jina. Mama wauza nyanya, wasiojua raundi ni kitu gani, walifunga meza zao wakamtazame. Waislamu walimwombea, na kwaya yetu nayo ikamwombea. Wenye soda walimsimamisha kando ya kreti zao. Nilijiuliza kila siku: huyu ana nini nisicho nacho?

Nikapangwa kupigana naye. Nilimshinda kila raundi. Hakunigusa! Mwamuzi aliponyanyua mkono wangu, ukumbi ulinyamaza kama umeletewa habari ya msiba. Kisha watu wakaruka ulingoni, wakambeba Mabula, yeye aliyeshindwa. Bibi alikuwa ameshuka mlimani kwa lori la ndizi pamoja na kina mama wa kanisani. Nikamkimbilia. Akanitazama, akaona sina hata mkwaruzo, akauliza, "Na yule mtoto wa watu, hajaumia?"

Hakuna ngumi iliyowahi kuniingia kama neno lile.

Tangu siku hiyo vijana wa stendi walinipa jina. "Kioo anapita! Msimguse, atapasuka!" Mimi nikazidisha mazoezi. Mikono ikaanza kutetemeka hata nikishika kikombe. Pambano lililofuata, nikiwa chumba cha kuvalia, pumzi ilikatika, nikatapika. Walipoita jina langu nilikuwa nimekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Nilipanda mlima kwa miguu nikiwa na glovu mikononi, maana glovu huwezi kujifungua mwenyewe. Watoto walinifuata wakicheka. Bibi alizifungua kamba kwa meno yake machache, wala hakuniuliza kitu. Nililala nikiukabili ukuta. Nilitamani kufa, ndugu zangu, nasema kweli!

Sasa sikilizeni alivyotenda Mungu.

Wa milimani mnajua, wa bondeni niwaeleze. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Hukusanya maji ya mlimani, na maji hayo hushuka kwa mifereji mpaka mashambani. Ukuta wake ukibomoka, baragumu hulia, na kila nyumba hutoa mtu mmoja kwenda kufanya kazi. Ndio msaragambo. Nyumba yetu, mtu huyo alikuwa Bibi. Kijana mwenye nguvu nilikaa nyumbani nikitunza mikono, na bibi kizee akabeba udongo! Nami sikuona ajabu.

Asubuhi moja baada ya mvua kubwa, baragumu likalia. Bibi akasimama mlangoni, ameshika goti.

"Leo goti limekataa," akasema. "Utakwenda wewe, au nikatambae?"

Nikaenda. Sikuwa na ujasiri, nilikuwa na aibu tu. Nilipofika, kina mama wakagusana kwa viwiko. "Haya, Kioo ametoka kabatini!" akasema mama Nakijwa, jirani yetu. Nikajaza karai, nikapanda ukuta wa ndiva kwa hatua safi kama za ulingoni, nikateleza, nikaanguka kifudifudi mbele ya kijiji kizima. Tope puani, tope masikioni, karai limenifunika kichwa.

Kicheko kilichosikika hapo, nadhani hata kule Ziwa Jipe walikisikia.

Nilingoja ile pumzi ikatike. Haikukatika. Mkono mmoja ukanishika kwapani, ukaniinua. Alikuwa Mabula! Tope mpaka kwenye nyusi, pengo wazi.

"Karibu, bondia," akasema. "Huku hakuna pointi."

Nikamuuliza mama Nakijwa mgeni huyu anatafuta nini kwetu. Akaniambia, "Hujui? Huyu alipanda na jeneza la kijana wetu aliyekuwa anakata naye mkonge. Akachimba kaburi, akala nasi makande. Tangu hapo, akipata likizo na baragumu likilia, anakuja. Siku ya kwanza alimnyang'anya bibi yako karai, akamwambia, mama, kaa, leo mimi ni wa nyumba yako."

Nikakaa palepale kwenye tope, nikalia. Siri niliyoitafuta kwenye miguu ya watu wa gazetini ilikuwa imebeba udongo badala yangu! Watu hawakumpenda Mabula kwa kupigwa, wala kwa kushinda. Kila aliyelala njaa, kila aliyesukumwa kwenye foleni, alipomwona anaanguka alijiona mwenyewe, na alipoamka aliamka naye. Mimi nilikuwa sijampa mtu nafasi ya kunihurumia. Nikaomba, kwa sauti, mbele yao: "Bwana, nimechoka kuwa safi. Nipokee na tope langu!" Na kitu kilichokuwa kimekibana kifua changu miaka yote kikaachia. Kiliachia, ndugu zangu! Halleluya!

Baadaye nikapangwa tena na Mabula. Kwenye chumba cha kuvalia, mikono ilitetemeka, sitawadanganya. Nikatoka ikitetemeka hivyohivyo. Raundi ya pili konde lake lilinipata shavuni, nikajikuta chini, mwamuzi ananihesabia. Ndipo ikaja sauti kali ya mama Nakijwa kutoka nyuma ya ukumbi:

"Eliamini! Amka, baba! Kuanguka umekwisha kuzoea!"

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko, nami nikacheka chini pale na damu mdomoni. Nikaamka. Tukapigana mpaka kengele ya mwisho. Mabula akashinda, kwa haki kabisa. Na watu waliita majina mawili. La pili lilikuwa langu, na halikuwa Kioo.

Lakini si hilo ninalolishuhudia leo. Nilishuka ulingoni, jicho moja limevimba, na Bibi akapenya katikati ya watu akichechemea. Akanishika uso kwa mikono yote miwili.

"Umeumia, mwanangu?"

"Nimeumia, Bibi."

Nilikuwa nimeishi miaka yote hiyo bila kumpa nafasi ya kuniuliza.

Namshukuru Mungu, namshukuru Bibi, namshukuru ndugu yangu Mabula. Na wewe unayesoma, unayejisugua kila siku ili usionekane na doa, njoo kwa Bwana kabla hujawa safi. Njoo hivyohivyo, hata kama mikono inatetemeka. Yeye hahesabu pointi. Amina!