Ubeti wa Mwisho wa Mwanahamisi

Jioni ya Jumanne, tarehe 10 Machi 1970, Mama Delphine aliionja pondu, mboga ya majani ya muhogo, aliyoipika mumewe Célestin, akasema chumvi imezidi, akala sahani nzima, akaenda kulala. Alfajiri moyo wake ulianza kushindwa, na saa nne asubuhi akafariki hospitalini.

Alizaliwa Yanonge, tarehe 4 Juni 1936, binti wa Papa Nicolas, mvuvi, akasoma kwa masista mjini hapa, enzi za jina la Stanleyville, akaanza kufundisha mwaka 1956, na tarehe 30 Julai 1960, uhuru ukiwa na umri wa mwezi mmoja, akafunga ndoa na Célestin, wakajaliwa Émilie na Wenceslas.

Agosti 1964 waasi walipouteka mji na kuwasaka waliosoma, Célestin akiwa amekwama Opala, jirani yao Mwislamu, Mama Nyota, aliwaficha Delphine na watoto katika chumba cha wanawake. Humo, siku bibi harusi mmoja akipakwa hina, Delphine alisikia likiimbwa kwa sauti ya chini shairi ambalo wanaume wa ukoo wa Mama Nyota hulighani harusini kama kazi ya babu yao Abdulhamid, wa enzi za misafara ya biashara. Ila wanawake waliongeza ubeti ambao hakuna mwanamume aliyewahi kuusikia:

*Mtunzi Mwanahamisi,*
*si kaka, hana nafasi.*

Mwanahamisi alikuwa dada yake Abdulhamid, na kwa karibu karne nzima kila bibi harusi alikabidhiwa jina lake chumbani, akaapa kulitunza. Amani iliporudi, Célestin, mhadhiri, aliposimuliwa na mkewe alitaka kulichapisha mara moja, lakini Delphine alikataa, kwa kuwa siri haikuwa yake, akamwomba Mama Nyota ruhusa mwaka baada ya mwaka, naye akijibu, "Mwalimu, tutaona."

Mwaka 1968, katika harusi ya ukoo huo, Papa Sefu, mzee wao, alipomaliza kughani na kumsifu babu, Delphine alimwuliza mbele ya watu kama ana hakika na mtunzi.

"Mama, mwanamuke atunge namna hii?" alicheka Papa Sefu. "Alors, babu yetu alikuwa na kazi gani?"

"Kazi ya kukariri," Mama Nyota alijibu toka nyuma ya pazia, kisha akauanzisha ubeti wa mwisho, na wanawake wote, vikongwe kwa mabinti, wakaupokea kwa sauti kuu hata wapita njia wakasimama.

Papa Sefu alimgeukia Delphine. "Bon, tumesikia. Mwalimu, andika jina lake."

Likaandikwa, likachapishwa, na leo wanaume wenyewe hulitaja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani, walimu wenzake, na ukoo wa Mama Nyota uliokesha nasi.

Siku iliyofuata kifo chake, Alhamisi asubuhi, kabla ya kwenda kwa fundi wa jeneza, Célestin aliingia darasani mwa mkewe, akalisoma shairi lote, na alipofika ubeti wa mwisho akawaachia wasichana, nao wakasimama wakausoma wenyewe.

Delphine, tulia sasa kwa amani.