Ouida Stegall na Miaka Ishirini na Mitatu Ziwani Toccola

Ndugu waombolezaji, marehemu Ouida Mae Stegall alizaliwa Jumapili, tarehe 14 Novemba 1948, kitongojini Pinkard, Mississippi, akiwa mtoto wa nne wa mzee Virgil na Bi Eula Hobgood, akasoma hapo hapo hadi alipomaliza sekondari mwaka 1966, kisha akaajiriwa kiwandani kushona suruali, kazi aliyoifanya kwa miaka thelathini.

Tarehe 6 Juni 1970 alifunga ndoa na Doyle Stegall, fundi wa matrekta, wakajaliwa binti mmoja, Renee, na kila Ijumaa nyumbani kwao palinukia samaki wa krapi wa kukaanga, kwa kuwa Doyle alikuwa hodari wa kuwavua kwa chambo cha visamaki vya plastiki, vile vyenye mdomo mpana unaovifanya vipige mbizi na kutikisika vikikokotwa nyuma ya boti.

Jumatano, tarehe 9 Julai 1986, saa tano asubuhi, boti ya Doyle ilikutwa ikizunguka peke yake katikati ya Ziwa Toccola, injini ikiunguruma, fimbo zote nane za kuvulia zikiwa mahali pake, na Doyle hayumo. Kina cha ziwa lile hakizidi futi tisa, wazamiaji walilipekua siku kumi na moja, hawakuona hata kofia.

Ouida, ambaye hakuwahi kushika ndoana, alimwomba jirani yao, Cleve Yarbro, amfundishe kupima mshipi, maana kadiri unavyouachia ndivyo kisamaki kinavyozama, na tangu hapo, kila Jumamosi na kila tarehe 9 Julai, alilipita ziwa lile mstari kwa mstari, kama mtu anayelima.

“Ouida, unakwangua tope bure,” Cleve alimwambia, “krapi wako juu, futi tano.”

“Krapi najua walipo,” akajibu, akazidi kuuachia mshipi.

Tarehe 9 Julai 2009, adhuhuri, bila upepo, Ouida akiwa na Renee, fimbo zote nane zilipinda kwa mpigo, na boti ikasimama.

“Mama, washa injini twende!”

“Inawaka, mwanangu.”

Kisha mishipi ikalegea mmoja baada ya mwingine, taratibu, na walipoivuta, visamaki vyote havikuwepo, na ncha hazikukatika wala kuchanika, bali zilikuwa zimejikunja pale fundo lilipokuwa, kama zilizofunguliwa kwa vidole.

Ouida aliinamia maji. “Haya, Doyle,” akasema, “nimesikia. Naacha.”

Wiki iliyofuata alifupisha mishipi, akaanza kuwalisha krapi waumini wa kanisa hili, na akacheka tena, hata Renee, aliyekuwa amekisahau kicheko hicho, akadhani kuna mgeni jikoni.

Februari 2022 aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu, akafariki nyumbani Jumatano, tarehe 3 Mei 2023, saa tisa alasiri, akisema kwamba upande wa pili wa kitanda umelowa, ingawa Renee alipapasa akakuta pakavu.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, wenzake wa kiwandani, na bwana Cleve, aliyekuja kila siku. Kama alivyoagiza, nafasi iliyo kando ya kaburi lake itaachwa wazi, asizikwe mtu.

Pumzika, Ouida, hakuna tena wa kutafutwa.